Kompyuta za Kabatini: Historia ya Linux Nyepesi Ikisimuliwa Kutoka Maskati

Tarehe 14 Januari 2020 hakuna mtu Maskati aliyekuwa na habari na kompyuta. Siku nne nyuma Sultan Qaboos bin Said alikuwa amefariki baada ya kutawala karibu miaka 50, na nchi nzima ilikuwa msibani. Bendera zilishushwa nusu mlingoti zikae hivyo siku 40. Mabarazani hapakuwa na mazungumzo mengine, iwe kwa Kiarabu huko Mutrah au kwa Kiswahili katika nyumba zetu za Al Khoudh na Mabela. Siku hiyohiyo, kimya kimya, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7. Mashine iliyokuwa ikiutumia mfumo huo isingepata tena masasisho ya usalama: kila tundu jipya ambalo wezi wa mtandaoni wangeligundua lingebaki wazi.

Miezi miwili baadaye, katikati ya Machi, korona ikafunga shule zote za Oman. Masomo yakahamia kwenye intaneti, na nyumba yenye watoto wanne ikajikuta ina laptopu moja ya baba na simu mbili. Ndipo makabati yakafunguliwa. Zikatoka laptopu za mwaka 2008, za 2010, zimevumbikwa kwenye mikoba yake pamoja na chaja zilizojisokota. Ziliwaka. Nyingi ziliwaka, na hilo ndilo la kukumbuka. Lakini zilichukua muda wa kupika chai na kuinywa kabla hazijawa tayari, kisha zikaganda, kisha zikadai masasisho ambayo hayakuwapo tena. Zikarudishwa kabatini, na mwenye uwezo akaenda Ruwi kununua mpya. Asiye na uwezo akawagawia watoto simu kwa zamu.

Dawa ya mashine zile, Linux nyepesi, ilikuwapo, tena ya bure, na umri wake ulikuwa umekaribia miaka 20. Serikali ya Oman iliijua. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kiliijua. Sebuleni ndiko ilikokuwa haijafika.

Tuanzie Helsinki. Januari 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu, Linus Torvalds, alinunua kompyuta yenye prosesa ya Intel 386 kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Alitaka mfumo kama Unix alioutumia chuoni, na Unix haukuwa wa mfuko wa mwanafunzi. Akaanza kuandika wake. Tarehe 25 Agosti mwaka huo akautangazia ulimwengu, akisema ni kazi ya kujiburudisha tu. Alichokuwa nacho, kilichokuja kuitwa Linux, kilikuwa kiini: sehemu ya mfumo endeshi inayozungumza na prosesa, memori na diski. Kiini peke yake ni jiko lisilo na chungu. Vyungu vilikuwa vimeshafinyangwa Marekani na mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983, pamoja na leseni inayompa kila mtu ruhusa ya kutumia programu, kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuugawa, kwa sharti kwamba naye asiwanyime wengine ruhusa hiyo. Mwaka 1992 Torvalds akakiweka kiini chake chini ya leseni hiyo, jiko na vyungu vikakutana.

Nasimama hapa kwa sababu watu wengi hudhani Linux ni kitu cha maabara, cha vijana wasiolala. Ilizaliwa nyumbani, kwenye mashine ya mkopo, kwa mtu asiyemudu zaidi.

Kiini na programu zake vilihitaji mfungashaji, na furushi lililofungwa tayari kwa mtumiaji ndilo linaloitwa distro. Mwaka 1993 yalitokea mawili ambayo bado yako hai, Slackware na Debian. Hili la pili limepata jina kwa Debra na Ian, yaani mwanzilishi wake Ian Murdock na mchumba wake wa wakati ule. Kusakinisha distro za miaka hiyo kulikuwa ni kazi ya fundi. Ukikosea hatua moja, umefuta kila kilichomo kwenye diski. Kwa mtu wa kawaida, mlango ulikuwa umefungwa.

Na Maskati je? Maskati ilichelewa, kisha ikakimbia. Mwaka 1970 Oman haikuwa na barabara za lami za kuhesabika. Sultani mpya, Qaboos, akawaita nyumbani Waomani waliokuwa nje, na miongoni mwao walikuja maelfu kutoka Zanzibar, wengi wakiwa wameondoka baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Walikuja na Kiswahili chao, na walikuja na Kiingereza cha shule za Unguja. Kiingereza hicho kikawaingiza wizarani, hospitalini, polisi na katika kampuni ya mafuta. Basi wengi wa wazee wetu walianza kuigusa kompyuta mezani kwa mwajiri, ikiwa imeshawekwa kila kitu, na Windows kwao ikawa ndiyo kompyuta yenyewe. Intaneti ilifunguliwa kwa umma mwaka 1997. Pesa ya mafuta ilifanya kununua mashine mpya kuwe kwepesi kuliko kutengeneza ya zamani, na tabia hiyo ndiyo iliyojaza makabati.

Mlango uliofungwa ulifunguliwa na Mjerumani, Klaus Knopper. Mwaka 2000 alitoa Knoppix, Linux nzima ndani ya CD moja: unaitia CD, unawasha, kompyuta inafanya kazi, na diski yako haijaguswa. Ukichoka, toa CD, Windows yako iko palepale. Baadaye CD ikawa fleshi, lakini wazo ni hilohilo, na sidhani kuna wazo lililomsaidia mwoga kuliko hili.

Kisha wakaja wapenda udogo. John Andrews, Mmarekani, alijiwekea mpaka wa megabaiti 50, kiasi kinachoenea katika CD ndogo yenye umbo la kadi ya biashara, akajitahidi kuweka humo mfumo mzima wenye kivinjari na cha kuandikia barua. Akauita Damn Small Linux. Mwaka 2003 Barry Kauler, aliyewahi kuwa mhadhiri wa chuo kikuu cha Edith Cowan huko Perth, Australia, alitoa Puppy Linux, jina alilolitoa kwa mbwa wake mdogo wa aina ya chihuahua. Puppy ilikuwa na ujanja wake: ikishawaka hujipakia yote ndani ya memori, ikaiacha diski ilale. Mashine ya kale ambayo diski yake imekufa kabisa huweza kufanya kazi kwa Puppy iliyomo kwenye fleshi, na vitu vyako vikahifadhiwa kwenye fleshi hiyohiyo.

Kuuelewa uzito wa mfumo si kazi. Kila kinachoonekana kwenye skrini, kivuli cha dirisha, vioo vinavyong'aa, vidude vinavyotafuta mafaili bila kuulizwa, kinakaa katika memori. Memori ikijaa, mfumo huanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski ya kuzunguka huenda polepole kuliko memori kwa maelfu ya mara. Hapo ndipo unapoisikia ikikoroma na mshale ukigoma kutembea. Linux nyepesi haina miujiza: imekataa mapambo ili memori ibaki kwa ajili ya kazi yako. Nyumba ni ileile, ila samani zimetolewa.

Oktoba 2004 akaingia Mwafrika. Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Welkom, Afrika Kusini, alikuwa ameuza kampuni yake mwaka 1999 kwa mamia ya mamilioni ya dola na kwenda anga za juu mwaka 2002. Aliichukua Debian, akailainisha, akaiita Ubuntu. Mswahili hahitaji kufasiriwa neno hilo: ni utu, shina lilelile la -tu lililomo ndani ya mtu na watu, likitamkwa kwa Kizulu na Kixhosa. Nimesoma maelezo marefu ya Wazungu juu ya jina hili, na kila mara nimecheka peke yangu, kwa kuwa bibi yangu angelimaliza kwa neno moja. Shuttleworth alifanya jambo jingine la utu hasa: aliyeomba CD alipelekewa kwa posta, popote alipo, bila kulipa hata gharama ya kutuma. Huduma hiyo ilidumu mpaka mwaka 2011.

Desemba ya mwaka huohuo wa 2004, Dar es Salaam ikasema neno lake. Mradi wa Kilinux, uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizozungumza Kiswahili tangu menyu hadi maonyo ya makosa. Jambo kubwa lilikuwa nani aliyekuwa na ruhusa ya kuifanya kazi hiyo. Kwa programu zenye mwenyewe, Kiswahili husubiri mpaka kampuni ione faida. Kwa programu huria, zenye ruhusa kama ile ya GNU, watu walikaa Dar es Salaam wakaanza. Watumiaji wa Kiarabu walikuwa wametangulia kidogo kwa mradi wa Arabeyes, ulioanza mwaka 2001, na mwaka 2007 likatokea toleo la Ubuntu kwa ajili ya Waislamu, baadaye likiitwa Sabily, lenye saa za sala na programu ya kusoma Qur'ani. Lilikufa baada ya miaka michache. Miradi ya kujitolea ina ajali hiyo: mwenye moyo akichoka, taa inazimika.

Turudi Oman, maana hapa pana kitu cha kusimulia. Mwaka 2006 serikali iliunda Mamlaka ya Teknolojia ya Habari, na mamlaka hiyo haikuwa ya kulala. Ilianzisha mpango wa kuhimiza programu huria nchini, na Februari 2013 ikakaa pamoja na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kuandaa mkutano wa kimataifa wa programu huria. Wa pili ulifanyika Februari 2015. Chuo kiko Al Khoudh, mwendo mfupi wa gari kutoka Rusayl, ambako bustani ya teknolojia ya Knowledge Oasis Muscat ilikuwa imefunguliwa mwaka 2003. Yaani wasomi, kampuni na serikali walikuwa majirani. Miaka hiyohiyo palikuwa na mpango wa taifa wa kuzipatia kompyuta familia zinazoishi kwa msaada wa serikali, pamoja na wanafunzi na walimu.

Mikono miwili hii haikushikana. Mkutano ulizungumzia seva, usalama, elimu ya juu na sera, vyote vizuri. Mpango wa kompyuta uligawa mashine mpya. Katikati yao palihitajika mtu wa tatu, wa kwenda Seeb au Al Amerat na fleshi mfukoni, akae na mama mstaafu mezani, amwonyeshe kwamba laptopu yake ya mwaka 2009 inaweza kufungua taarabu za YouTube na magazeti ya Zanzibar bila kununua kitu. Mtu huyo hakuajiriwa na yeyote. Siilaumu mamlaka peke yake. Sisi wenyewe tunaojua tulikuwa tukijadiliana ni distro ipi bora, badala ya kwenda kwa jirani. Mamlaka yenyewe haipo tena: kazi zake zilihamia wizarani, na tangu Agosti 2020 ziko chini ya Wizara ya Uchukuzi, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari.

Wakati serikali ikipanga hayo, ulimwengu wa Linux wenyewe ulikuwa umegombana. Mwaka 2011 Ubuntu ilileta sura mpya ya skrini iitwayo Unity, na watengenezaji wa GNOME, sura ya zamani iliyopendwa, wakatoa toleo la tatu lisilofanana na la pili. Zote mbili zilitaka kadi nzuri ya picha na memori ya kutosha. Aliyezoea menyu za zamani alipotea ndani ya nyumba yake. Ugomvi huo ndio uliozistawisha distro nyepesi. Raia wa Argentina anayejulikana kwa jina la Perberos aliichukua GNOME ya zamani akaiendeleza kwa jina la MATE, kinywaji cha kwao. Xfce, aliyoianzisha Mfaransa Olivier Fourdan mwaka 1996, ikapata wageni wengi. LXDE, iliyoanzishwa Taiwan mwaka 2006, ikawa sura ya Lubuntu, nayo Lubuntu ikapokelewa rasmi katika ukoo wa Ubuntu mwezi Oktoba 2011. Na Linux Mint, aliyoianzisha Clément Lefèbvre mwaka 2006, ikawa kimbilio la watu wasiotaka kushangazwa: menyu iko pale ulipoiacha jana.

Tangu hapo hadithi inakwenda kwa tarehe. Tarehe 8 Aprili 2014 Windows XP ikaachwa, miaka 12 na zaidi baada ya kuzaliwa. Tarehe 14 Januari 2020, Windows 7. Oktoba 2021 ikaja Windows 11, ikidai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, hata mashine nzima, yenye afya, iliyonunuliwa mwaka 2016, ikaambiwa haifai. Tarehe 14 Oktoba 2025 ikawa zamu ya Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata mwaka mmoja wa nyongeza. Angalia kilichotokea kwenye chuma chenyewe katika tarehe hizo: hakuna. Prosesa haikupungua kasi usiku ule. Chuma hakizeeki hivyo. Huzeeshwa, na anayekizeesha yuko mbali nacho.

Mashine hizo hazifii Maskati. Kila mwenye jamaa Unguja au Pemba anajua safari ya kontena: magodoro, majokofu, baiskeli za watoto, na kompyuta zilizochakaa kwa macho ya Maskati. Zikifika, fundi huziwekea Windows ya kukopi iliyokwisha muda, yenye virusi ndani yake. Tunapeleka mzigo na maradhi yake. Kuiwekea Linux mashine kabla ya kuifunga kwenye kontena ni kazi ya nusu saa hivi: unapakua faili la distro, unaliandika kwenye fleshi ya gigabaiti nane, unawasha mashine huku ukibonyeza F12 au F2 kutegemea aina yake, unajaribu kwanza bila kugusa diski. Sauti inatoka? Wi-Fi inashika? Hapo ndipo unaposakinisha. Wi-Fi ndiyo hukorofisha mara nyingi, hasa kwenye mashine zenye vifaa vya Broadcom, na dawa yake ni kuiunganisha mashine kwa waya wa intaneti ili ipakue kiendeshi cha Wi-Fi.

Kwa mashine yenye memori ya gigabaiti nne ningechagua Linux Mint yenye Xfce, bila kufikiri mara mbili. Kibodi za Kiarabu na Kiingereza zinawekwa pamoja na kubadilishwa kwa kitufe kimoja, jambo la lazima katika nyumba ambayo bibi anaandika Kiswahili na wajukuu Kiarabu. Yenye gigabaiti mbili nitaipa Lubuntu, ambayo tangu 2018 imehamia sura mpya ya LXQt. Yenye moja au chini ya hapo ni ya Puppy, au ya antiX, distro iliyoanzia Ugiriki mwaka 2007. Na kama una riali chache za kutumia, usizimalize kwenye kitu kingine kabla ya kubadili diski ya kuzunguka kuwa SSD, diski isiyozunguka. Puliza na vumbi la feni ukiwa umeshaifungua. Kwa vumbi na joto la hapa, nusu ya ugonjwa wa kwenda polepole huwa imo humo.

Nisidanganye lakini. Menyu za Kiswahili bado ni za vipande: dirisha moja Kiswahili, lingine Kiingereza. Na hakuna distro inayoweza kuufanya ukurasa wa intaneti uwe mwepesi. Mwaka 2024 John Andrews alirudi na Damn Small Linux mpya baada ya kimya cha miaka mingi. Safari hii haikuwa ya megabaiti 50, ilikuwa ya 700, na sababu kubwa ni vivinjari, ambavyo vimenenepa pamoja na kurasa vinazozifungua. Jina amelibakiza.

Linux nayo ina tarehe zake, ingawa hupangwa mbele za watu. Lubuntu iliacha mashine za biti 32, yaani za kizazi cha zamani, baada ya toleo la 18.10. Debian, mama wa karibu zote nilizozitaja, ilitoa toleo la 13 tarehe 9 Agosti 2025 bila kisakinishi cha mashine hizo. Mwenye laptopu ya biti 32 anayetaka Debian yenyewe abaki na toleo la 12, ambalo uangalizi wake wa muda mrefu utakoma tarehe 30 Juni 2028.